Helikopta za uokoaji Washington: gharama ya kudumisha kituo na gharama ya kukifunga

Mji mkuu wa Marekani, Washington, pamoja na vitongoji vyake vilivyomo katika majimbo ya Maryland na Virginia, hutegemea vituo vichache vya helikopta katika kazi ya kuwatafuta na kuwaokoa watu wanaofikwa na maafa mtoni, barabarani na milimani. Vituo hivyo ni ghali kuviendesha. Marubani hulipwa mishahara hata siku ambayo hakuna aliyeita msaada, na mashine hukaguliwa hata kama hazikuruka. Kwa sababu hiyo swali limekuwa likizuka mara kwa mara miongoni mwa wapanga bajeti: je, vituo vyote hivi vinahitajika?

Jibu si jepesi. Historia ya eneo hilo inaonyesha kwamba kituo cha uokoaji hakipimwi vizuri kwa kuhesabu safari zake za mwaka mzima. Hupimwa kwa dakika zinazopita kati ya mwito wa msaada na kufika kwa helikopta. Historia hiyo hiyo inaonyesha pia kwamba kuacha milango ya kituo wazi bila fedha, mafunzo na vifaa vya kutosha kunaweza kugharimu maisha ya waokoaji wenyewe na ya watu waliokwenda kuwaokoa.

Nani anaruka katika anga ya Washington?

Wengi hudhani kwamba mji wenye makao makuu ya jeshi na ikulu ya rais hauwezi kupungukiwa na helikopta za uokoaji. Ni kweli kwamba helikopta ni nyingi katika anga ya Washington, lakini nyingi kati yake zina kazi nyingine. Helikopta za jeshi husafirisha maofisa na kufanya mazoezi. Helikopta za Walinzi wa Pwani ambazo tangu mwaka 2006 zimepewa jukumu katika eneo hilo zina kazi ya kuzikabili ndege ndogo zinazoingia katika anga iliyozuiliwa. Kazi ya utafutaji na uokoaji katika Ghuba ya Chesapeake na bahari iliyo karibu hutegemea vituo vya Walinzi wa Pwani vilivyo mbali, kama vile Elizabeth City katika jimbo la North Carolina na Atlantic City katika jimbo la New Jersey.

Mzigo wa uokoaji mjini na vitongojini umebebwa zaidi na vikosi vya polisi. Cha kwanza ni kitengo cha anga cha polisi wa hifadhi za taifa, kikosi cha serikali ya shirikisho kinacholinda bustani, minara ya kumbukumbu na kingo za mito ya Washington. Kitengo hicho kilianzishwa mwaka 1973 kikiwa na helikopta moja tu. Kituo chake kipo katika bustani ya Anacostia, kando ya mto wenye jina hilo, na helikopta zake huitwa Eagle, yaani tai.

Cha pili ni kitengo cha anga cha polisi wa jimbo la Maryland. Kina vituo saba katika jimbo zima, na kinachohudumia vitongoji vya Washington kipo katika kambi ya jeshi la anga ya Andrews. Helikopta yake hujulikana kwa jina la Trooper 2. Ng'ambo ya mto Potomac, katika jimbo la Virginia, polisi wa kaunti ya Fairfax nao wana helikopta zao.

Kazi za vikosi hivi hufanana: kuwatafuta watu waliopotea, kuwanyanyua kwa winchi watu waliozingirwa na mafuriko au waliokwama kwenye majabali ya Potomac, na kuwakimbiza hospitalini majeruhi wa ajali za barabarani.

Jioni ya Januari 13, 1982

Kama kuna siku moja iliyowafanya wakazi wa Washington watambue thamani ya kuwa na kituo cha helikopta karibu, basi ni Januari 13, 1982. Theluji nzito ilikuwa imeanguka mchana kutwa. Ofisi za serikali ziliwaruhusu wafanyakazi kuondoka mapema, na barabara zikajaa magari yasiyoweza kusogea.

Muda mfupi kabla ya saa kumi jioni, ndege ya abiria aina ya Boeing 737 ya shirika la Air Florida iliondoka katika uwanja wa ndege wa Washington National ikiwa na watu 79. Wachunguzi walibaini baadaye kwamba marubani hawakuwasha mfumo wa kuzuia barafu kwenye injini na kwamba waliruka huku mabawa yakiwa na theluji na barafu. Ndege haikuweza kupanda juu. Iligonga daraja la barabara ya 14, ikaua watu wanne waliokuwa katika magari yao, kisha ikatumbukia katika mto Potomac uliokuwa umeganda.

Watu sita walionekana wakiwa wameshikilia mkia wa ndege kati ya vipande vya barafu. Ukingo wa mto ulikuwa karibu mno kiasi kwamba waliosimama nchi kavu waliwaona waziwazi, lakini hawakuwa na njia ya kuwafikia. Magari ya zimamoto na ya wagonjwa yalikwama katika msongamano. Vifaa vya uokoaji vya uwanja wa ndege havikuweza kufanya kazi katika maji yenye barafu. Isitoshe, takriban nusu saa baada ya ndege kuanguka, treni ya chini ya ardhi iliacha njia katikati ya mji na kuua watu watatu, na vikosi vya dharura vikalazimika kugawanyika.

Yapata dakika 20 baada ya ajali helikopta ya Eagle 1 iliwasili ikitokea Anacostia. Rubani alikuwa Donald Usher, na mwokoaji aliyefuatana naye alikuwa Melvin Windsor. Helikopta yao ilikuwa ndogo, yenye injini moja, na siku ile haikuwa na winchi. Walishusha kamba na kuwaburuta manusura hadi ukingoni mmoja baada ya mwingine. Kuna wakati helikopta ilishuka chini kiasi cha kuzamisha miguu yake majini, huku Windsor akiwa amesimama nje ili amshike mtu asiye na nguvu ya kushika kamba.

Abiria mmoja, Arland Williams, aliipokea kamba na kuwapa wenzake. Helikopta iliporudi kumchukua alikuwa amekwisha kuzama. Mwanamke mwingine aliiachia kamba akiwa karibu na ukingo, na mfanyakazi wa serikali aliyekuwa akitazama, Lenny Skutnik, akajitosa majini akamtoa. Katika watu 79 waliokuwa ndani ya ndege, watano tu waliokoka. Idadi ya waliokufa, pamoja na wale wa darajani, ilifikia 78. Daraja lile leo lina jina la Arland Williams.

Kwa nini dakika ni muhimu hivyo?

Wataalamu wa uokoaji majini hufuata kanuni rahisi inayosaidia kueleza yaliyotokea siku ile. Mtu anayetumbukia katika maji yanayokaribia kuganda huwa na dakika moja hivi ya kujizuia asipaliwe kwa mshtuko wa baridi. Baada ya hapo huwa na takriban dakika 10 ambazo mikono na miguu yake bado inamtii. Huweza kubakia na fahamu kwa karibu saa moja, lakini katika muda huo hawezi tena kuogelea, kupanda boti wala kushika kamba kwa nguvu.

Kwa kipimo hicho, manusura wa Potomac walifikiwa wakati mikono yao ilikuwa imeanza kuwa kama ya mtu mwingine. Helikopta ya uokoaji huruka kwa mwendo wa takriban kilomita 240 kwa saa, yaani kilomita 4 kwa dakika. Kituo kilicho umbali wa kilomita 8 kinahitaji dakika mbili za safari angani. Kituo kilicho umbali wa kilomita 80 kinahitaji dakika 20, bila kuhesabu muda wa kuwasha injini, kuangalia hali ya hewa na kupata ruhusa ya kuingia katika anga ya mji. Nyongeza hiyo ya dakika 18 haionekani katika jedwali la bajeti, ingawa ni ndefu kuliko muda ambao mtu katika maji ya baridi anaweza kujisaidia.

Hali ya anga ya Washington inaongeza uzito wa hoja hii. Tangu mashambulizi ya Septemba 11, 2001, anga hiyo imekuwa miongoni mwa zinazodhibitiwa zaidi duniani. Siku ile ile ya mashambulizi, helikopta za Anacostia zilifika katika jengo la Pentagon dakika chache baada ya ndege kuligonga. Moja ilibeba majeruhi kuwapeleka hospitalini na nyingine ilibakia angani kuwasaidia makamanda waliokuwa chini. Mwaka 2013, mtu mwenye silaha alipoua watu 12 katika eneo la jeshi la majini la Navy Yard, helikopta ya kituo hicho hicho iliwanyanyua kutoka juu ya paa watu waliokuwa wamekwama. Matukio yote hayo yalitokea umbali mfupi kutoka Anacostia.

Maryland na ada ya kila gari

Suala la nani alipe limejibiwa kwa namna ya pekee katika jimbo la Maryland. Machi 19, 1970, helikopta ya polisi wa jimbo hilo ilimbeba majeruhi wa ajali hadi Baltimore, katika kituo cha majeruhi mahututi kilichoanzishwa na daktari R Adams Cowley. Daktari huyo ndiye aliyeeneza fikra ya "saa ya dhahabu": kwamba majeruhi mahututi anayefikishwa mikononi mwa madaktari bingwa ndani ya saa ya kwanza ana nafasi kubwa zaidi ya kupona.

Hata hivyo saa ya dhahabu haina maana kwa mtu aliyeumia milimani upande wa magharibi, au katika rasi iliyotengwa na mji kwa maji ya Ghuba ya Chesapeake, kama hakuna chombo cha kumfikisha Baltimore kwa wakati. Ndipo Maryland ikajenga mtandao wa vituo uliopangwa ili kuligusa jimbo zima: Baltimore, Andrews, Frederick, Cumberland, Easton, Salisbury na St. Mary's. Zamani palikuwa pia na kituo cha nane huko Norwood, katika kaunti ya Montgomery, ambacho kilifungwa.

Fedha hutoka katika mfuko maalumu wa huduma za dharura. Kila mwenye gari hulipa ada ya nyongeza anapolisajili, na ada hiyo huingia katika mfuko unaogharimia helikopta, kituo cha majeruhi cha Baltimore, mafunzo ya wahudumu na vikosi vya kujitolea vya zimamoto. Mwaka 2013 ada hiyo ilipandishwa kutoka dola 11 hadi dola 14 na senti 50 kwa mwaka, na mwaka 2024 wabunge wa jimbo waliipandisha tena. Mhamiaji kutoka Kisumu, Tanga au Kampala anayeishi Silver Spring na kusajili gari lake huko naye ni mchangiaji wa mfuko huo, pengine bila kujua.

Faida yake ni kwamba anayebebwa na helikopta ya polisi wa Maryland halipishwi kwa safari hiyo. Jambo hili si dogo nchini Marekani. Ofisi ya ukaguzi ya bunge la nchi hiyo iligundua kwamba mwaka 2017 bei ya wastani iliyotozwa kwa safari moja ya helikopta ya wagonjwa ilikuwa takriban dola 36,400. Sheria iliyoanza kutumika Januari 2022 imewalinda wenye bima dhidi ya sehemu kubwa ya madai ya ghafla ya aina hiyo, lakini haikuwaondolea gharama zote wale wasio na bima.

Usiku ambao mwokoaji alihitaji kuokolewa

Hoja ya kudumisha kituo hicho cha Andrews ilipata pigo zito mwaka 2008. Usiku wa Septemba 27, Trooper 2 iliitwa Waldorf, kusini mwa Washington, kuwachukua wasichana wawili walioumia katika ajali ya gari. Walikuwa wakipelekwa katika hospitali ya kaunti ya Prince George's. Ukungu na mawingu ya chini vikamlazimisha rubani kuahirisha kutua hospitalini na kuelekea Andrews. Muda mfupi kabla ya saa sita usiku helikopta iliangukia miti katika bustani ya Walker Mill, kilomita chache tu kutoka kwenye uwanja iliokuwa ikiutafuta.

Watu wanne kati ya watano walikufa: rubani, mhudumu wa dharura wa polisi, mhudumu wa kujitolea na mmoja wa majeruhi. Aliyenusurika alikuwa msichana wa pili. Ilichukua takriban muda wa saa mbili kuyapata mabaki, kwa kuwa mahali hasa ilipoangukia hapakujulikana mapema.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ilitoa matokeo ya uchunguzi wake Oktoba 2009. Ilisema rubani alishuka kwa kasi akijaribu kuona ardhi na hakusimama katika kimo cha chini kinachoruhusiwa. Lakini haikuishia kwake. Ilitaja pia kwamba hakuwa na uzoefu wa karibuni wa kutosha wa kuruka kwa kutegemea vyombo, kwamba tathmini ya hatari na ya hali ya hewa ilikuwa dhaifu, na kwamba waongoza ndege walimpa huduma isiyotosheleza, pamoja na taarifa za hali ya hewa zilizopitwa na wakati.

Mjadala uliofuata ulikuwa mkali. Mwaka 2008 ulikuwa wenye vifo vingi kuliko mingine yote katika historia ya helikopta za wagonjwa nchini Marekani, na wakosoaji walihoji kama majeruhi wengi waliokuwa wakibebwa kwa helikopta hawangeweza kusafirishwa kwa gari. Wengine walitaka kazi hiyo ikabidhiwe makampuni binafsi, au idadi ya helikopta na vituo ipunguzwe.

Maryland haikukifunga kituo cha Andrews. Ilibadilisha namna ya kukitumia. Kwa majeruhi wasio mahututi, ilikuwa lazima kwanza daktari aulizwe kabla ya helikopta kuitwa, na idadi ya safari ikapungua sana. Mwaka 2010 jimbo lilikubali kununua helikopta mpya kubwa zaidi aina ya AW139, ambazo zilianza kazi mwaka 2013 badala ya zile za zamani zilizokuwa zimetumika tangu miaka ya 1980 na 1990. Badala ya rubani mmoja, sasa huruka marubani wawili. Mwaka 2014 serikali ya shirikisho nayo ilitoa kanuni kali zaidi kwa mashirika ya helikopta za wagonjwa, zikiwemo za kuwa na kifaa kinachomwonya rubani anapokaribia ardhi.

Hoja za wanaotaka vituo vipunguzwe

Haitakuwa haki kuwaona wanaotaka kupunguza vituo kuwa watu wasiojali. Hoja zao zina msingi. Helikopta mpya zina kasi kubwa kuliko za zamani, hivyo kituo kimoja kinaweza kufika mahali ambapo zamani palihitaji viwili. Safari zimepungua baada ya utaratibu wa kumwuliza daktari. Makampuni binafsi nayo yameongeza helikopta za wagonjwa katika eneo hilo. Marubani wenye ujuzi ni adimu, na kuwatawanya katika vituo vingi kunaweza kumfanya kila mmoja aruke mara chache na kupoteza uzoefu, jambo ambalo ajali ya 2008 ilionyesha hatari yake.

Wanaopinga hujibu kwamba helikopta ya kampuni humbeba mgonjwa aliyekwisha kufikishwa mahali pa kutua, lakini kwa kawaida haishushi mwokoaji kwa winchi katikati ya mafuriko wala haizunguki usiku kucha ikimtafuta mtoto aliyepotea msituni. Husema pia kwamba kasi haisaidii helikopta ikiwa imekwenda kwenye tukio jingine, na kwamba ukungu unaofunga bonde moja mara nyingi haufungi la pili. Mtandao wenye vituo kadhaa humpa msimamizi nafasi ya kuchagua. Suala la uzoefu, kwa maoni yao, hutatuliwa kwa mafunzo na saa za kutosha za mazoezi, na hayo nayo yanahitaji fedha.

Newport: kituo cha mbali, uamuzi wa Washington

Washington ni mahali pia ambapo hatima ya vituo vya mbali huamuliwa, kwa kuwa makao makuu ya Walinzi wa Pwani yapo hapo. Mfano unaojulikana zaidi ni Newport, bandari ya wavuvi katika jimbo la Oregon, kwenye pwani ya Pasifiki. Mwaka 1985 meli moja ya uvuvi ilipinduka na mabaharia wake watatu wakafa katika maji ya baridi. Wake wa wavuvi waliendesha kampeni, na mwaka 1987 kituo cha helikopta kikafunguliwa.

Mwaka 2014 Walinzi wa Pwani walitangaza kukifunga kituo hicho pamoja na kingine kilicho Charleston, katika jimbo la South Carolina. Vyote viwili vingeokoa takriban dola milioni 6 kwa mwaka. Maelezo yalikuwa kwamba helikopta na mawasiliano vimeboreka, na kwamba vituo vya jirani vingeweza kufika ndani ya muda wa saa mbili unaotakiwa na kanuni za kikosi hicho. Wake wa wavuvi walijibu kwamba katika maji yale hakuna atakayesubiri muda wa saa mbili akiwa hai. Walikwenda mahakamani, na wabunge wa Oregon wakaingilia kati. Desemba 2014 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyozuia vituo hivyo kufungwa kwa muda.

Sheria zilizofuata ziliweka utaratibu wa kudumu. Kabla ya kufunga kituo cha anga cha Walinzi wa Pwani, waziri anayehusika sharti athibitishe kwamba uwezo unaobaki unatosha, wananchi wa eneo hilo wasikilizwe, na bunge lipewe taarifa. Uzito wa utaratibu huo ulijaribiwa Novemba 2025, helikopta ilipoondolewa tena Newport. Wake wa wavuvi na wakuu wa kaunti walifungua kesi, na jaji wa mahakama ya shirikisho akatoa amri ya dharura kwamba irudishwe.

Potomac tena, Januari 2025

Usiku wa Januari 29, 2025, ndege ya abiria iliyokuwa ikikaribia kutua katika uwanja ule ule wa Washington, ambao sasa unaitwa kwa jina la Ronald Reagan, iligongana na helikopta ya jeshi aina ya Black Hawk. Vyombo vyote viwili vilianguka katika mto Potomac. Watu 64 walikuwa ndani ya ndege na watatu ndani ya helikopta. Waokoaji wa angani na wa majini walifika upesi, katika giza na baridi kali, lakini hakuna aliyenusurika.

Maafa hayo yalikumbusha kwamba hata kituo kilicho karibu kabisa hakina uwezo juu ya kila kitu. Vilevile yaliibua swali jipya: je, helikopta zisiwe chache zaidi katika anga hiyo iliyosongamana? Siku chache baadaye mamlaka ya usafiri wa anga ilipiga marufuku safari nyingi za helikopta karibu na uwanja huo. Ziliachwa zile za kuokoa maisha, za polisi walio kazini, za ulinzi wa anga na za kumsafirisha rais. Kwa maneno mengine, hata baada ya ajali mbaya kiasi hicho, wenye mamlaka waliona helikopta ya uokoaji haiwezi kuondolewa pamoja na nyingine.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Kwa msikilizaji na msomaji wa Afrika Mashariki, kisa cha Potomac cha mwaka 1982 kina mwangwi wa karibu. Novemba 6, 2022, ndege ya shirika la Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba, Tanzania, katika hali mbaya ya hewa. Kama ilivyokuwa Washington, ndege ilikuwa karibu na uwanja na watu waliweza kuiona kutoka ufukweni. Hapakuwa na helikopta ya uokoaji mjini humo. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi wenye mitumbwi. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 waliokoka na 19 walikufa.

Ziwa hilo lilikuwa limekwisha kutoa funzo hilo kwa gharama kubwa. Mamia ya watu walikufa meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, na zaidi ya 220 walikufa kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 20, 2018. Baharini, Zanzibar iliomboleza baada ya kuzama kwa MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012.

Hatua zimechukuliwa. Mwaka 2006 kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji baharini kilifunguliwa Mombasa, na nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria zimekuwa na mradi wa pamoja wa mawasiliano na uokoaji wenye kituo cha uratibu Mwanza. Uratibu ni hatua ya lazima, kwani helikopta isiyojua pa kwenda haina faida. Lakini anayepokea simu ya dharura anahitaji pia chombo cha kukituma, rubani aliye macho na mafuta yaliyolipiwa.

Nini hukidumisha kituo?

Mifano hii inaonyesha mambo matatu yaliyovisaidia vituo kuendelea kuwapo. La kwanza ni fedha zenye chanzo chake maalumu, kama ada ya magari ya Maryland, ambazo hazigombaniwi upya na kila wizara kila mwaka. La pili ni sheria inayowalazimisha watawala kueleza hadharani, kabla ya kufunga, ni nani atakayefika na baada ya dakika ngapi. La tatu ni usalama wa kituo chenyewe: marubani wa kutosha, mazoezi ya mara kwa mara, na ruhusa ya kukataa safari pale hali ya hewa inapokuwa mbaya.

Ugumu wa mjadala huu ni kwamba pande mbili za hesabu hazifanani. Fedha zinazookolewa kwa kufunga kituo hujulikana hadi senti ya mwisho, na huonekana katika mwaka huo huo. Watu watakaohitaji kituo hicho hawajulikani majina yao, wala wao wenyewe hawajijui. Watu watano waliotolewa katika Potomac mwaka 1982 hawakuwa katika bajeti ya mtu yeyote mwaka 1973, wakati helikopta ya kwanza iliponunuliwa. Helikopta za AW139 za Maryland, zilizoanza kazi mwaka 2013, nazo zinazidi kuzeeka, na wabunge wa jimbo hilo watalazimika kuamua ni lini zibadilishwe na ni vituo vingapi vitakavyopewa mpya.